Aliyekuja Badala ya Kimya

Bi Funguo alikuwa mwoga tangu utotoni, na bahati ikamwangukia kwamba alipata kazi inayotaka waoga. Alikuwa mhandisi wa programu katika kampuni iliyotengeneza mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, mfumo uliotumiwa na zahanati na hospitali nyingi ndogo ndogo. Nani ana kisukari, nani anameza dawa za moyo, binti wa nani amepimwa ujauzito: yote yalikuwa mle. Wenzake walijenga vyumba vya mfumo huo. Yeye alikaa mlangoni. Ndiye aliyeamua nani apewe ruhusa ya kuingia wapi, na nani anyang'anywe, na ndipo jina likamganda. Akilala aliwaza wezi, akiamka aliwaza wezi. Mumewe, fundi seremala, alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye hakuoa mke, alioa komeo.

Kampuni haikuwa na ofisi. Kila mtu alifanyia kazi kwake, mmoja sebuleni, mwingine chumba cha uani, wakiwasiliana kwa meseji na vikao vya kwenye kompyuta. Mara moja kwa mwaka Mkurugenzi aliwakusanya wote kwenye hoteli fulani, wale pamoja, wavutane kamba kwenye nyasi na wapange kazi za mwaka. Safari hizo zilimtesa Bi Funguo. Aliogopa ndege. Aliogopa vyumba vya hoteli, ambavyo funguo zake ziko mikononi mwa watu asiowajua. Kila alipoondoka mama yake alimpigia simu kumkumbusha achungulie chini ya kitanda kabla ya kulala, na yeye, mtu mzima mwenye watoto wawili, alichungulia.

Lakini mwaka huo alisafiri na hamu, kwa sababu Kimya naye alikuwa anakuja.

Kimya ndiye aliyekuwa mwenzake wa karibu kuliko wote, ingawa hakuwahi kumtia machoni. Vikaoni kamera yake ilikuwa imezimwa siku zote, na kipaza sauti chake, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa kibovu kisichotengenezeka. Alijibu kila kitu kwa kuandika, ndipo wenzake wakamwita Kimya. Na kwa kuandika hakuwa na mfano. Aliandika Kiswahili kilichonyooka, chenye nukta na mkato mahali pake, na kijana akiharakisha kazi ikaharibika, Kimya alimwandikia "mwenda pole hajikwai" kisha akamwonyesha alipokosea bila kumwaibisha. Siku moja alimwita Bi Funguo "mwanangu," halafu akaomba radhi, akisema vidole vimeteleza. Siku nyingine mfumo uliporomoka kwa sababu ya tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa pili, siku ya ziada ambayo hakuna aliyekumbuka kuipangia nafasi. Wakashinda pamoja kutwa nzima wakiitafuta hitilafu hiyo, na Kimya akaibandika jina la Shemeji, kwa kuwa alikuja bila taarifa, akala kila kitu, na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Bi Funguo alicheka peke yake jikoni mpaka watoto wakaja kumtazama.

Mikusanyiko yote iliyopita Kimya alikuwa na udhuru: mara homa, mara msiba, mara pasi ya kusafiria imekwisha muda. Mwaka huu Mkurugenzi akachoka. Alitangaza kwamba asiyekuja ajihesabu ameshaaga. Tena Kimya akapangiwa kueleza kazi yake mbele ya wote, asubuhi ya siku ya tatu.

Walikutana mapokezi. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, kifua kipana, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani. Bi Funguo alimsogelea akitabasamu hadi masikioni, akajitambulisha. Yule bwana akampa mkono uliolowa jasho, akasema, "Karibu, madam," kana kwamba hoteli ni yake. Kisha akatazama sakafu.

Bi Funguo alijiambia kwamba watu wa kuandika mara nyingi hawajui kusema. Hata hivyo, kuna kitu kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake walikaa ukumbini asubuhi nzima. Watu walipocheka, Kimya alicheka baada yao. Mkurugenzi alipomtupia swali, alijibu kwamba atalifanyia kazi. Kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kinakoroma, na yeye alikitazama muda mrefu kwa huruma, kama daktari anayemtazama mtu anayechechemea barabarani. Kila baada ya muda aliinuka kwenda chooni na simu yake. Bi Funguo aliiangalia mikono ile: vidole vinene, makovu ya kuungua kwenye vifundo, kucha moja imekufa. Haikuwa mikono iliyomwandikia meseji zile zote. Alijaribu kujikaripia, maana mikono haina sura moja ya kazi moja, lakini woga ukishaingia hauombi ruhusa.

Wakati wa chakula cha mchana alifanya makusudi kukaa mkabala naye, na yule bwana akabonyeza simu yake kidogo kisha akailaza mezani. Akamega mkate, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unamkumbuka Shemeji lakini?"

Yule bwana akaacha kutafuna. Akatabasamu.

"Shemeji hajambo," alisema. "Anawasalimu sana."

Bi Funguo alishusha simu chini ya meza, akaandika meseji kwenye akaunti ya Kimya, ile ile waliyoitumia miaka yote: Umekaa wapi? Sikuoni. Akaituma, akainua macho. Mkono wa kulia wa yule bwana ulikuwa umeshika uma. Wa kushoto ulikuwa umeshika glasi ya maji. Simu yake ililala kifudifudi kando ya sahani, haijaguswa.

Simu ya Bi Funguo ikatetemeka.

Nipo hapa hapa ukumbini, Bi Funguo. Nimekaa mkabala nawe. Kuna nini?

Nukta mahali pake, mkato mahali pake. Kulikuwa na watu wawili. Mmoja anakula mbele yake, mwingine yuko pasipojulikana, anaandika kama rafiki yake Kimya, na anajua hata kiti alichokalia. Na hao wawili, au mmoja wao, wana ruhusa ya kufungua kumbukumbu za wagonjwa ambao hata idadi yao hakutaka kuikumbuka wakati ule. Ruhusa hiyo aliitoa nani? Yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Aliinuka akasema tumbo linamsumbua. Yule bwana alimfuata kwa macho hadi mlangoni.

Angeweza kwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, lakini Mkurugenzi alikuwa kwenye nyasi, amevaa kaptura, anapima kamba ya mashindano, na kompyuta yenye uwezo wa kufunga milango ilikuwa chumbani. Alipanda ngazi mbili mbili kwa sababu aliogopa kuingia kwenye lifti na mtu. Akajifungia, akatia mnyororo, akafungua kompyuta. Neno lake la siri, alilokuwa akiliandika kila siku bila kufikiri, alilikosea, akalikosea tena. Akawaza: nikimfungia sasa, watajua nimewashtukia, na kama wana mlango mwingine wa uani watachoma kila kitu wakiwa wanatoka. Nisipomfungia, kila dakika ni ya kwao. Na kama nimekosea, nimemvunjia heshima mtu niliyemheshimu kuliko wote.

Hapo ndipo mlango ulipobishwa hodi.

Alisogea kwa ncha za vidole, akachungulia kwenye kitundu cha mlangoni. Alikuwa yeye. Kitundu kilimfanya awe na paji pana na mwili mdogo, na jasho lilikuwa linamtiririka.

"Ni nani?" aliuliza, ingawa alimwona.

"Mimi, Kimya."

"Wewe si Kimya."

Nje kukawa kimya kweli. Halafu yule bwana akasema, polepole, "Ni kweli, dada. Mimi siye."

Kukiri kule kulimtisha kuliko kama angekana. Mwizi anayekana bado anaogopa kitu. Anayekiri, pengine ameshaamua la kufanya. Bi Funguo alisukuma kiti akakiegemeza mlangoni, akainua simu ya chumbani kupiga mapokezi. Iliita, ikaita, hakuna aliyepokea. Dirishani, mbali kule chini, wenzake walikuwa wanacheka kwenye nyasi, na kioo kilikuwa cha aina isiyofunguka.

Yule bwana akaketi chini nje ya mlango. Bi Funguo alisikia mgongo wake ukiteleza juu ya mbao. Akaanza kueleza kwa sauti ya chini. Yeye ni fundi wa majokofu. Kompyuta anaijua kwa kuangalia mpira tu. Kimya ni baba yake mzazi. Kila alipokwenda chooni, na hata pale mezani Bi Funguo alipoketi, alikuwa anamwandikia baba yake nani amesema nini na nani amekaa wapi, ili mzee aweze kujibu meseji za watu. Hakuja kuiba. Amekuja kwa sababu ametumwa.

Bi Funguo hakusadiki. Hata mwizi ana baba. Akamwambia, kama ni kweli, ampigie huyo baba sasa hivi, simu aiweke chini karibu na upenyo wa mlango, na yeye arudi nyuma hadi ukuta wa pili. Alisikia simu ikiita, kisha yule bwana akipaza sauti kuliko ilivyohitajika: "Baba! Yupo! Ongea naye!"

"Bi Funguo," ilisema sauti ya mzee, kavu, yenye kukwaruza. "Mwanangu asikutishe. Huyo hana analojua. Wa kuogopwa ni mimi, maana mimi ndiye niliyedanganya."

"Shemeji ni nani?" aliuliza Bi Funguo.

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Masikio yangu yamechoka."

"Shemeji ni nani!"

"Ah. Shemeji alikuja tarehe ishirini na tisa. Akakuta hatujamtandikia."

Bi Funguo alikaa kwenye zulia, mgongo kwenye kiti, kiti kwenye mlango. Alitaka kulia, na woga haukumwacha alie.

Mzee alieleza yote, na yeye alisikiliza. Kompyuta alianza nazo zamani, wakati mashine moja ilijaza chumba na kuwekewa feni kama mgonjwa. Kampuni aliyoitumikia ilipofungwa, alituma maombi kila mahali. Walimjibu kwa furaha hadi walipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa, kisha hawakujibu tena. Alipochoka akaomba kwa jina la mwanawe na kitambulisho cha mwanawe. Mitihani ya kazi aliifanya mwenyewe, akafaulu. Kamera aliizima kwa sababu ya mvi. Kipaza sauti hakikuwa kibovu. Vilivyokuwa vibovu ni masikio, na aliogopa kuulizwa kitu asikisikie. Sasa alikuwa na ombi moja. Hotuba ya kesho ameiandika yote, na mwanawe ameikariri kama shairi la shuleni. Amwache aitoe, warudi nyumbani salama, na mwisho wa mwezi yeye mzee ataandika barua ya kuacha kazi, aondoke kwa heshima, bila mtu kujua.

Mtu nje ya mlango hakuwa akimtisha Bi Funguo tena. Sasa aliogopa mkono wake mwenyewe. Akinyamaza, atakuwa mlinzi aliyemwona mtu ndani ya nyumba akamwachia kwa kuwa anampenda. Na siku kitu kikipotea kweli, atawaambia nini wale wagonjwa? Akisema, anamtupa barabarani mzee aliyemfundisha nusu ya anayoyajua. Alirudi mezani. Safari hii neno la siri lilikubali. Kwenye orodha ya watu, jina la Kimya lilikuwa na alama ya kijani.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa nguvu. Haikuwahi kumjia kwamba alistahili kumwamkia.

"Marahaba."

"Nakata funguo zako sasa hivi."

"Unasemaje?"

Akashindwa kurudia. Halafu ikambidi apige kelele, na korido nzima ikasikia: "Nakata funguo zako, mzee! Sasa hivi!"

Mhudumu wa vyumba aliyekuwa akisukuma toroli la mashuka alisimama.

"Kata," mzee alisema kwenye simu. "Mimi ningekata kabla ya kusalimia."

Alibonyeza. Alama ya kijani ikawa ya kijivu.

Alipofungua mlango alimkuta fundi wa majokofu amekaa chini, ameegemea ukuta wa pili kama alivyoagizwa, shati limemganda mwilini, anatetemeka mtu mzima. Bi Funguo akagundua kwamba kwa siku mbili kulikuwa na mtu mwenye hofu kuliko yeye, na wala hakumwona. Akampa glasi ya maji. Wakateremka pamoja kwa lifti.

Mkurugenzi alipoambiwa alicheka kwanza, akidhani ni mzaha wa mashindano. Kisha kamba ikamtoka mkononi, uso ukampauka. Jioni hiyo hiyo wataalamu wa nje walianza kukagua kila mahali alipowahi kugusa Kimya. Walikagua majuma kadhaa na hawakukuta hata herufi moja iliyotoka nje. Pamoja na hayo, wanasheria walisema mkataba wa jina la uongo si mkataba, na kazi ya mzee ikahesabiwa imeisha tangu siku ile ya hotelini. Bi Funguo aliomba mzee aajiriwe upya kwa jina lake. Mkurugenzi alimjibu kwamba aliyedanganya jina, ni nini kitakachomshinda kudanganya? Bi Funguo alijua kwamba kama mdanganyifu angekuwa mtu mwingine, yeye mwenyewe angesema maneno yale yale.

Wenzake waligawanyika. Wengine walisema amefanya kazi yake. Wengine waliacha utani kila alipoingia kwenye maongezi, kama watoto wanaomwona mwalimu. Na usiku na mchana aliogopa mfumo usije ukaanguka, kwani sasa hakuwa na wa kumwuliza.

Mwaka haujaisha, akaalikwa kuzungumza kwenye kongamano la teknolojia katika mji mwingine, mada ikiwa ni ulinzi wa kumbukumbu za watu. Angekataa kama Mkurugenzi asingekwisha kukubali kwa niaba yake. Kabla ya zamu yake alisimama kwenye ukumbi wa nje, mgongo ukutani, kikombe cha chai mkononi.

"Bi Funguo."

Sauti aliijua kabla ya kugeuka. Kavu, yenye kukwaruza. Kikombe nusura kimtoke. Alidhani siku ya kulipizwa imefika: mzee amekuja kumwaibisha mbele ya kadamnasi, na haki anayo. Alikuwa mzee mwembamba, koti limempwaya mabegani, beji shingoni yenye jina ambalo Bi Funguo hakuwahi kuliona. Alimwamkia. Mzee aliitikia.

"Nilikukasirikia," mzee akasema. "Wiki nyingi sikuongea na mtu. Mke wangu akawa anakuombea mabaya. Nikamkataza, lakini kimoyomoyo naitikia amina."

Bi Funguo akaona kumdanganya mtu huyu mara ya kwanza walipoonana kutakuwa vibaya zaidi kuliko kumwogopa.

"Ningefanya vile vile tena, mzee."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukusikiliza. Sikuja kukupiga."

Alimweleza kwamba siku hizi anafanya kazi kwa mwanafunzi wake wa zamani mwenye kampuni ndogo, kamera ikiwa wazi na mvi zote zikionekana. Mwanawe ndiye hajamsamehe. Kila anapoomba kitu sasa, jina lake linatoka na doa, nalo doa hakulitia yeye. Mzee alisema hayo akitazama viatu. Kisha akauliza kama leo atamsema jukwaani.

Bi Funguo alikiri kwamba alipanga kukieleza kisa chenyewe, bila kutaja mtu.

"Ukinitaja," mzee alisema, "nitaje kwa jina langu. La mwanangu nimeshalichosha."

Bi Funguo akapanda jukwaani. Mzee alikaa mstari wa mbele kabisa. Mkurugenzi alikuwa nyuma yake, mstari wa pili, hajui aliyekaa mbele yake ni nani. Bi Funguo alikieleza kisa toka mwanzo, na alipofika kwenye jina alilitaja lote, majina matatu, akimtazama mwenyewe. Shingo zikageuka. Mkurugenzi akakitazama kile kisogo cha mvi kana kwamba kimeota hapo hapo. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyezomea, naye akaendelea hadi picha ya mwisho kwenye skrini.

Wakati wa maswali, mwanamke wa makamo aliyekaa nyuma alisimama. Aliuliza kama kampuni yao iliwahi kumwajiri mtu mwenye mvi.

Bi Funguo alimwangalia Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaangalia mikono yake. Angeweza kusema atalifanyia kazi.

"Mmoja tu," alisema. "Na hatukujua."

Jioni, akiwa anafunga begi, alipata meseji ya Mkurugenzi. Aliomba namba ya simu ya yule mzee, bila kueleza ya nini. Bi Funguo aliisoma mara mbili, akakaa kitandani na simu mkononi. Namba alikuwa nayo, mzee alimwachia walipoagana. Hakuitoa. Alijibu kwamba atamwuliza mwenyewe kwanza.